Pumzi ya Mtu Mwingine

Immakulata alijua si mumewe kabla wimbo haujafika nusu. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha Adija, fundi cherehani wa Murubona, hapo Kasulu mjini, mikono ameinyanyua, Adija akimpima kifua kwa ajili ya gauni la uzinduzi. Redio ilikuwa mezani katikati ya vipande vya vitenge. Mtangazaji alisema kwa bashasha kwamba mzee wetu Kipriani Ndayisaba, kiongozi wa iliyokuwa Ruchugi Jazz, amerudi ulingoni. Amerekodi albamu nzima ya nyimbo ambazo kila mtu wa huku anazijua, za harusi, za kubembeleza watoto, za dansi la zamani, ila safari hii hakuna anayeimba. Ni saksafoni tu, mtindo wa jazi. Kisha akauweka hewani ule wa "Imma Nisubiri", ambao wazazi wetu waliuchezea.

Wimbo huo Kipriani alimtungia yeye, enzi hizo akimchumbia. Mstari wake wa tatu ulikuwa mrefu kuliko kifua cha mtunzi. Siku zote Kipriani aliukata katikati, akavuta pumzi, akaendelea, hata watu wakadhani ndivyo ulivyotungwa. Redioni mstari ule ulipita mzima. Ulipanda, ukateremka, ukatua taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ulikuwa mtamu kuliko alivyowahi kuusikia, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mzee ana pumzi huyu, Mama Ndayikunda," Adija alisema. "Utadhani kijana."

Immakulata alishukuru. Adija alimwambia amemaliza, ashushe mikono, akalazimika kurudia, kwa kuwa mteja wake alibaki vilevile amenyanyua mikono akiitazama redio.

Njiani kurudi nyumbani watu watatu walimsimamisha kumpongeza. Mmoja, mke wa katekista, alimkumbatia kabisa. Immakulata alicheka nao, akaitikia, akajiona kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima na mwenye nguo yuko hapohapo barabarani.

Mwaka uliopita Kipriani aling'olewa meno ya mbele ya juu, akatengenezewa ya bandia. Baada ya hapo hakuigusa saksafoni miezi mingi. Ilikaa ndani ya sanduku lake uvunguni, na yeye alikaa barazani akiwatazama wapita njia. Kisha akaja Saady, kijana aliyesomea mambo ya sauti Dar es Salaam, ambaye alikuwa na studio ndogo nyuma ya duka la vifaa vya umeme la mjomba wake Gharibu. Saady ndiye aliyeleta wazo la albamu. Tangu siku ile mzee alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Alitoka Jumatano na Jumamosi, akasema anarekodi studio, na kwamba meno mapya yanashika vizuri tu, na saksafoni anaiacha hukohuko kwa sababu kuibeba kunamchosha.

Immakulata aliyakubali hayo yote. Sasa aliyachambua moja moja kama anavyochambua maharage. Huyu mtu alifanya mazoezi uani kwake maisha yao yote, majirani wakalalamika, watoto wakalia, na hakuwahi kujali. Iweje arekodi albamu nzima bila kupuliza nyumbani hata siku moja? Na zile ndizi alizokuwa akirudi nazo, akisema amepewa na rafiki, nani mjini Kasulu anamgawia mtu ndizi bure kila wiki?

Kesho yake alipita studio. Alimwambia Saady amekuja kuchukua saksafoni aing'arishe kwa ajili ya uzinduzi, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kila dansi. Saady alivua vile vidude vya masikioni, akavivaa tena, akavivua.

"Iko kwa fundi, mama. Kigoma mjini. Kuna kitufe kilikuwa kinazingua."

Jioni, walipokuwa wakila, alimuuliza mumewe saksafoni iko wapi. Kipriani alisema iko studio, ameipuliza leo hii asubuhi. Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli la maharage yaliyopondwa. Immakulata hakumwambia alikuwa ametoka huko. Alimwongezea mboga na kumtazama akitafuna upande mmoja, kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye daraja asiloliamini.

Binti yao Ndayikunda, mwalimu huko Kibondo, alipiga simu kueleza kwamba walimu wenzake wote wameuweka wimbo wa baba kuwa mlio wa simu, na mwalimu mkuu ameahidi kuja Kasulu kwenye uzinduzi. Mama yake alijaribu kumdokeza kwamba kuna kitu hakielewi. Ndayikunda alisikiliza kidogo, kisha akamwomba amwache baba afurahi. Alisema tangu yale meno yang'olewe alikuwa akimwona baba yake anakufa taratibu, na sasa amefufuka, mama anatafuta nini tena?

Hata Immakulata alikuwa amemwona akifa, na hata yeye alifurahi aliponyoa ndevu.

*

Gharibu alikuja mwenyewe, mchana, akijua Kipriani hayupo. Alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, mtu mpole wa kanzu safi, ambaye babu zake walikuja huku kutoka Ujiji. Yeye ndiye aliyegharamia albamu yote, kuanzia mitambo hadi ukumbi. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaweka sukari na majani ya chai mezani. Alizungumza kwanza juu ya mvua, halafu juu ya barabara, halafu juu ya afya ya wajukuu. Immakulata alisubiri.

Hatimaye Gharibu alisema kwamba watu wana maneno. Mpiga ngoma mmoja aliyeingiza sehemu yake studio amesema hakuwahi kumwona mzee akipuliza. Kila mara alikuta saksafoni imesharekodiwa, iko ndani ya kompyuta. Saady anasema ndivyo kazi inavyofanyika siku hizi, kila mtu anakuja kwa wakati wake. Yeye Gharibu hajui mambo hayo. Lakini jina la duka lake liko kwenye mabango, na yeye na Kipriani ni marafiki tangu ujana, hawezi kumwendea na kumuuliza jambo la namna hiyo usoni.

"Nimeona nikuulize wewe, shemeji. Wewe ukiniambia, nitalala. Mzee anapiga?"

Immakulata aliitazama ile sukari. Alifikiria kusema hajui, na kweli alikuwa hajui, lakini mke anayesema hajui kama mumewe anapiga atakuwa amekwisha kusema. Aliona aibu ya mumewe imesimama mlangoni inataka kuingia, naye akafanya alichozoea kufanya miaka yote ya ndoa yao. Aliufunga mlango.

"Anapiga," alisema. "Si unajua mwenyewe, hawezi kukaa bila kupiga."

Gharibu alishusha pumzi. Alishukuru, akasema Mungu ambariki, akaondoka. Immakulata alibaki amekaa. Mpaka dakika ile uongo ulikuwa wa Kipriani. Sasa ulikuwa wa nyumba nzima.

*

Zile ndizi ndizo zilizompeleka Makere. Mdogo wake Kipriani, Bazilio, alikuwa na shamba huko, kando ya barabara iendayo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ndizi zake za kupika Immakulata alizijua kwa ufupi wake. Alichagua siku ambayo Kipriani na Saady walikwenda kuhojiwa redioni. Akapanda bodaboda, akamwambia dereva amshushe kabla ya kufika nyumbani kwa shemeji yake, amalizie kwa miguu.

Alisikia saksafoni kabla hajaiona nyumba. Ilitoka nyuma ya ghala la mahindi, chini chini, kama mtu anayezungumza na hataki kusikika. Alizunguka. Mzee mwembamba, mweupe kichwani, suruali imekunjwa hadi magotini, tope la shamba miguuni, alikuwa amekaa juu ya gunia na saksafoni ya Kipriani mapajani. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta kando yake. Alipomwona, alinyamaza, akasimama, akatazama upande wa migomba kama mtu anayepima atakimbilia wapi.

"Mama, uko wa serikali?"

"Mimi ni mke wa mwenye hiyo saksafoni."

Bazilio alitoka ndani mbio, akamsalimia shemeji yake kwa Kiha, "Mwakeye," huku macho yanamtembea. Hakukuwa na cha kuficha tena. Walikaa wote watatu kwenye kivuli cha ghala na Bazilio akaeleza. Mzee huyu anaitwa Ildefonsi, Mkongomani wa upande wa Uvira, alipigia bendi nyingi kabla ya vita. Yuko Nyarugusu miaka na miaka. Mara nyingine hupata kibali cha kutoka, mara nyingine hupita njia za mashambani bila kibali, akalima kibarua. Siku moja, akipalilia mihogo, alikuwa akizitoa kwa mdomo sauti za saksafoni, mstari hadi mstari, bila kukosea. Kipriani alikuwa amekuja kusalimia, akamsikia. Siku iliyofuata alirudi na sanduku lake.

"Alilia?" Immakulata aliuliza.

"Ego," Bazilio aliitikia. "Wote wawili."

Saady alileta mashine ndogo ya kurekodia, wakatundika mablanketi ndani ya ghala. Kipriani alichagua nyimbo, akazipanga, akamwonyesha Ildefonsi wapi apunguze na wapi aongeze. Ildefonsi akapuliza.

Immakulata alimgeukia Mkongomani. Huyu naye hakumwamini. Mtu gani anapiga albamu nzima, anasikia jina la mwingine redioni, anaendelea kupalilia mihogo? Lazima kuna kitu anachopata, au anachosubiri. Alimuuliza amelipwa nini.

"Bwana yako ananileteaka maharage na sabuni," Ildefonsi alisema. "Lakini mi sikuuliza kitu. Hii chombo, mama, nilikuwa sijaigusa toka nilikimbia. Angeniambia nipige bure mpaka nife, ningepiga."

"Na jina lako? Ulikataa lisiandikwe?"

Ildefonsi alimtazama Bazilio, kisha akamtazama yeye. Ilionekana hakulielewa swali.

"Nani aliniuliza?" alisema. "Hakuna mutu aliniuliza."

Bazilio aliingilia. Alisema kaka yake alifikiria usalama wa mzee huyu. Ikijulikana kwamba alikuwa akitoka kambini bila kibali, akafanya kazi nje, watamwita ofisini, watamnyima vibali, na lile ombi lake la kupelekwa nchi nyingine linaweza kukwama. Ni kwa faida yake. Ildefonsi alimsikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamisha kichwa, akifuta mdomo wa saksafoni kwa pindo la shati.

"Minaogopa, ndiyo," alisema. "Minaogopaka kila siku. Lakini ni mimi wa kusema kama minaogopa. Si yeye aniogopee."

Immakulata alimuuliza, basi sasa anaulizwa, anasema nini. Upepo ulipita kwenye migomba na Bazilio akakohoa.

"Muandike," Ildefonsi alisema. "Kama wataniita, nitaenda kujibu mwenyewe."

*

Kipriani alirudi kutoka redioni akiwa na furaha. Alikuta mkewe yuko uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Alianza kusimulia maswali aliyoulizwa na jinsi alivyoyajibu. Immakulata alimwacha aseme, kisha akamuuliza nani amepiga "Imma Nisubiri".

Kipriani hakukana moja kwa moja. Alisema studio siku hizi ina mambo mengi, sauti inaweza kurefushwa, pumzi inaweza kufutwa. Alipoona hilo halikwenda mbali, akasema kulikuwa na mtu wa kumsaidia sehemu chache. Alipoulizwa sehemu zipi, akasema yuko mkimbizi mmoja, fundi mzuri, lakini mwenyewe amekataa katakata kutajwa, anaogopa.

"Nimetoka Makere, Baba Ndayikunda."

Kipriani alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Immakulata aliendelea kuchambua. Hakupandisha sauti, maana Adija alikuwa upande wa pili wa ukuta, na Adija alikuwa na masikio.

Alimkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amemsimulia mpaka akalichoka. Kijana Kipriani, amevuka na wazazi wake kutoka Burundi, kabla ya uraia, akiishi kwa karatasi za ukimbizi, aliingia bendi ya watu na kwenda nayo kurekodi mjini. Alipiga nyimbo zote. Mtangazaji aliposoma majina ya wanamuziki, lake halikuwemo. Kiongozi wa bendi alimwambia mkimbizi akitajwa redioni ataleta matatizo, ni kwa faida yake. Kipriani aliondoka kwenye bendi ile kwa hasira, akaanzisha Ruchugi Jazz, na miaka yote hiyo, akinywa hata kikombe kimoja cha pombe ya ndizi, simulizi hiyo ilitoka.

"Yule bwana alikuuliza?" Immakulata alisema.

"Si sawa na hii."

"Alikuuliza?"

Kipriani aliigeuza kofia. Alisema hajakusudia ubaya. Alisema siku ya kwanza alitaka kusikia tu, asikie nyimbo zake zikitoka tena kwenye chombo chake. Siku ya pili Saady alirekodi kwa majaribio. Siku ya tatu Gharibu alikuwa amekwisha kuagiza mabango yenye picha yake, na watu wanamsimamisha barabarani, wanamwita kiongozi. Mara ya mwisho aliitwa kiongozi lini? Wewe mwenyewe, alimwambia mkewe, ulikuwa umeanza kunikatia nyama kama mtoto.

Hilo lilikuwa kweli, na Immakulata alilimeza. Kisha akamweleza alivyosema Ildefonsi, kwamba jina liandikwe.

Kipriani aliahidi atasema. Lakini baada ya uzinduzi. Watu wamekwisha kualikwa, Ndayikunda anakuja na walimu wake, haiwezekani kumwaibisha Gharibu mbele ya mji. Baada ya hapo, taratibu, atalitaja jina, redioni labda. Immakulata alimtazama usoni akitafuta kama anaamini anachosema. Aliona anaamini, na ndipo aliposhindwa kumwamini kabisa.

"Sitasema kitu," alimwambia. "Kwa Gharibu nimekwisha kudanganya, sitaongeza na sitapunguza. Nitakuja. Nitakaa mbele. Nitakutazama."

Kuanzia jioni ile hakukaa naye tena kwenye benchi la barazani. Alimpelekea chakula, akala chake jikoni.

*

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa: wazee waliocheza dansi la Ruchugi Jazz ujanani, wafanyabiashara wa sokoni waliokuja kwa ajili ya Gharibu, vijana waliokuja kwa ajili ya Saady, walimu wa Kibondo na mashati yao yaliyopigwa pasi. Kwenye kila nguzo kulikuwa na picha ya Kipriani, saksafoni mdomoni, ya miaka ile ya meno yake. Immakulata alikaa mstari wa kwanza na gauni jipya la Adija, katikati ya Ndayikunda na Gharibu. Gharibu alimsalimia kwa heshima na kumuulizia hali. Hakumuuliza jambo jingine.

Mpango wa Saady ulikuwa mwepesi. Mpiga gitaa na mpiga ngoma wangepiga kweli. Saksafoni ingetoka kwenye kompyuta, na mzee angeshika chombo mdomoni, avimbishe mashavu, atembeze vidole. Wengi hufanya hivyo, alimhakikishia, na hakuna anayegundua.

Na kweli hakuna aliyegundua. Wimbo wa kwanza, ule wa kumtoa bibi harusi ndani, uliwainua akina mama wote. Wa pili, wa kubembeleza mtoto, uliwanyamazisha. Kipriani alikuwa mzoefu wa jukwaa. Aliinama panapostahili, akafumba macho panapostahili. Vidole vyake havikukosea hata mara moja, kwa kuwa nyimbo alizijua. Ndayikunda alikuwa anafuta machozi. Mkuu wake wa shule alimnong'oneza jambo, wote wawili wakatabasamu.

Mshereheshaji alitangaza "Imma Nisubiri", na ukumbi mzima ukageuka kumtazama mwenye wimbo wake. Watu walimpungia, wakapiga vigelegele. Immakulata hakugeuka. Hakutabasamu wala hakununa. Alimtazama mumewe kama alivyoahidi.

Saksafoni ilianza. Kipriani aliinua chombo hadi kidevuni na kikaishia hapo. Kisha akakishusha, polepole, mpaka kikagusa paja, na wimbo ukaendelea kuvuma ukumbini, mzuri, mzima, bila mtu. Alimpungia Saady azime. Saady alijifanya hakuona. Kwa muda mzee alisimama hivyo mbele ya watu wote, mdomo mtupu, huku saksafoni inalia peke yake. Mtu mmoja nyuma alicheka. Ndipo Saady akazima.

"Anayepiga humu si mimi," Kipriani alisema. Meno ya bandia yaliyumba, akayarudisha kwa ulimi. "Meno yangu hayashiki tena. Tangu mwaka jana sijapuliza. Anayepiga anaitwa Ildefonsi. Anaishi Nyarugusu. Ni fundi kunishinda, hata nilipokuwa na meno. Mimi nimezipanga nyimbo, basi. Jina lake sikuliandika, na sikumuuliza."

Ilizuka minong'ono, halafu kelele. Sauti moja ilidai kurudishiwa kiingilio. Nyingine ilisema mzee kazeeka, mwacheni. Wazee wachache walipiga makofi mafupi, wakaacha walipoona hawafuatwi. Saady alikuwa anakunja nyaya, hatazami mtu.

Gharibu aliinuka. Hakwenda jukwaani. Aliirekebisha kanzu yake, akamwinamia Immakulata, akasema kwa sauti ya chini iliyomfikia yeye peke yake:

"Nilikuuliza, shemeji."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Katika yote yaliyotokea siku ile, hilo ndilo Immakulata alilokosa pa kuliweka.

Ndayikunda aliondoka na walimu wake kabla ya chakula. Alimwambia mama yake kwamba baba angeweza kusubiri siku moja tu, jambo lenyewe likasemwa nyumbani.

*

Mabango yalitolewa kwenye nguzo. Redio iliacha kuupiga wimbo, halafu baada ya muda ikaanza tena, na mtangazaji akawa anasoma majina mawili, la Ildefonsi akilitamka kwa kusitasita. Saady, ambaye hasara ilimfundisha haraka, alichapa makasha mapya ya albamu: saksafoni, Ildefonsi, kiongozi na mpangaji wa nyimbo, Kipriani Ndayisaba. Yaliuzwa kidogo. Gharibu aliitikia salamu ya Kipriani sokoni, lakini hakusimama.

Ildefonsi aliitwa ofisini kambini kama ilivyotarajiwa. Alijibu mwenyewe. Alionywa, akanyimwa vibali vya kutoka, na Bazilio akabaki na mihogo isiyopaliliwa. Immakulata alipopata habari hiyo alikosa raha siku nzima. Alijiuliza kama alikwenda Makere kutafuta haki ya yule mzee au kumkamata mumewe, na kila alipojibu aliona jibu lina kitu nyuma yake. Kupitia watu wa kanisa wanaoruhusiwa kuingia kambini, Kipriani aliipeleka saksafoni yake Nyarugusu, na kasha moja jipya. Hakumwambia mkewe kabla. Immakulata alisikia kwa mke wa katekista, na jambo la kwanza alilojiuliza ni kama mzee amefanya hivyo kwa wema au kwa sababu hataki tena kuiona uvunguni.

Majibu yalirudi kwa njia ileile. Ildefonsi alisema asante. Alisema anapiga kanisani kila Jumapili, na watoto wa Kirundi na wa Kikongo wanajaa mpaka mlangoni. Alisema pia kwamba walioandika kasha wameacha jina la ukoo, na kama watachapa tena, waandike yote.

Jioni moja Immakulata alitoka na chakula cha mumewe, akamkuta kwenye benchi la barazani, amekaa upande mmoja kama alivyozoea walipokuwa wakikaa wawili. Alimpa bakuli. Hakurudi jikoni. Alisimama ameegemea mwimo wa mlango.

"Nisingekuja ukumbini," alisema, "ungefanyaje?"

Kipriani aliweka bakuli chini. Alikuwa na nafasi ya kusema neno zuri, na Immakulata alikwisha kujiandaa kulitilia shaka.

"Ningepiga ile ya uongo mpaka mwisho," alisema. "Na leo ningekuwa naendelea nayo."

Alimtazama. Halikuwa jibu alilolitaka. Alilipindua huku na huku akitafuta kilicho nyuma yake, kama alivyofanya kwa kila neno la mumewe tangu siku ile kwa Adija, na hakuona kitu. Alikwenda jikoni, akachukua bakuli lake, akarudi.

"Sogea," alimwambia, akakaa.